Barua kwa mwanangu: Mwalimu wa chini

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mitihani haijakumaliza. Jumamosi tulimzika Babu, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Kwa kuwa hukuweza kuja, nimeona nikusimulie kwa karatasi, maana simu zetu huishia kwenye "umekula?" na "nimekula", na mzee aliyeishi miaka 94 hawezi kuagwa hivyo.

Wewe ulimwita Babu tangu ulipokuwa darasa la kwanza, ulipokuwa ukishuka ngazi na mkoba wako kunisubiri kwake hadi nitoke zamu. Mimi nilimwita Mwalimu. Alinisihi mara nyingi nimwite kwa jina lake, kama Wamarekani wanavyofanya, lakini mtu aliyemzidi baba yangu umri ningemwitaje jina tupu?

Alizaliwa mwaka 1930 kwenye ncha ya rasi ya Dingle, magharibi kabisa mwa Ayalandi, katika nyumba ambayo Kiayalandi ndicho kilichozungumzwa, hata Kiingereza akaja kukikuta shuleni, kama mimi nilivyokikuta Wundanyi. Ng'ambo ya maji walikuwa wakiviona visiwa vya Blasket, ambavyo wakazi wake wa mwisho walihamishwa na serikali mwaka 1953 kwa kuwa vijana walikuwa wameondoka na wazee hawakuweza tena kupambana na bahari peke yao. Wengi wa vijana hao walikuwa wamekuja hapahapa Springfield, katika mtaa wa Hungry Hill. Ndiyo sababu naye hakubaki New York wala Boston: mgeni humfuata wa kwao, na sisi pia tulifika hapa kwa kumfuata binamu yangu.

Kuna jambo la safari yake ambalo sijui kama aliwahi kukueleza. Zamani kijana wa kule alipokuwa anakwenda Marekani, majirani walikesha kwao usiku wa mwisho kama watu walio matangani, wakiimba, wakicheza na kulia hadi alfajiri, kwa sababu aliyevuka bahari ile alihesabiwa kuwa hatarudi. Kufikia mwaka 1950 desturi hiyo ilikuwa imefifia, lakini mama yake aliifuata, na asubuhi yake mwanawe akapanda gari hadi bandari ya Cobh, ileile ambako Titanic ilitia nanga mara ya mwisho mwaka 1912. Nilicheka, nikamwambia kwamba kwetu mtu akienda Marekani huitiwa harambee na kuchangiwa nauli. Alifikiri kidogo, akasema afadhali yetu, kwani sisi angalau tunatarajia kitu kirudi.

Kabla hata hajapata uraia aliitwa jeshini, akapelekwa Korea. Huko hakuwa akipazungumzia, nami sikumuuliza. Aliporudi, sheria ya mwaka 1952 iliyowalipia masomo askari wa vita ile ilimfikisha chuoni, akafundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 34. Ulimwona mwenyewe barabarani akisalimiwa na watu wenye mvi, yeye akiwauliza kama wamemaliza ile insha.

Mimi alinifundisha mezani pake, jikoni, majira ya baridi yale nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa uuguzi msaidizi. Alichonga penseli kwa kisu chake kidogo cha kukunja, vumbi likiangukia kwenye kisahani cha chai, kisha akapitia sentensi zangu polepole. Hakutumia wino hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, alisema mwanafunzi naye huenda ndiye aliye sahihi, na wino haurudi nyuma.

Jioni moja nilimweleza kuhusu diski. Wewe huijui: kilikuwa kipande cha mbao chenye uzi, ukikamatwa ukisema Kidawida shuleni unavishwa shingoni, nawe unatega sikio umkamate mwenzako umpe, na atakayelala nacho anachapwa asubuhi. Nilikieleza kama kichekesho, kama tunavyofanya siku zote. Yeye hakucheka. Aliweka penseli chini akaniambia kwamba babu yake alivishwa kijiti shingoni, kikiitwa bata scóir, na kila aliposema neno la Kiayalandi kijiti kilikatwa alama moja, na jioni mwalimu alihesabu alama na kumchapa fimbo kwa idadi hiyo. Tulikaa kimya, mtoto wa vilima vya Taita na mzee wa Dingle, chai ikipoa. Tangu siku hiyo somo letu lilikuwa na nusu ya pili: alitaka nimwambie kila neno kwa Kidawida na kwa Kiswahili pia, naye aliyaandika.

Watoto wake watano aliwapigia simu kila Jumapili, kwa mpangilio wa kuzaliwa, hata yule waliyekosana naye kwa miaka kadhaa. Marehemu mkewe alikuwa msichana wa kijiji cha jirani, na wawili hao walisemezana Kiayalandi chumbani, mlango ukiwa umefungwa, huku watoto wakilelewa kwa Kiingereza ili wasipate shida shuleni. Alinieleza hilo kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Mkewe alipofariki, hakukuwa na mtu wa kumjibu ndani ya nyumba ile.

Majuma yake mawili ya mwisho Kiingereza kilimtoka kabisa. Nilishuka kila usiku baada ya kazi kumgeuza na kumlowesha midomo, nikawakuta watoto wake, watu wazima wenye wajukuu, wameketi kando ya kitanda, baba yao anazungumza bila kukoma nao hawaambulii neno. Binti mkubwa alimrekodi kwa simu, akampelekea jamaa yao wa Dingle. Majibu yalikuja siku moja kabla ya mazishi. Alikuwa akiuliza kama ng'ombe wameshaingia, kwa kuwa mvua inakuja kutoka baharini.

Mwanangu, najua unanielewa nikisema, na najua hunijibu kwa Kiswahili kwa sababu unaona aibu ya ngeli. Mzee alikuwa na msemo wa kwao, kwamba Kiayalandi kilichovunjika ni bora kuliko Kiingereza cha ujanja.

Alikuachia kile kisu, kimeliwa na jiwe la kunolea hadi kimekuwa chembamba kama jani. Kimo kwenye droo yangu ya juu, utakichukua ukija likizo. Na ukijibu barua hii, andika, usipige. Penapohitaji kurekebishwa nitapapitia kwa penseli.

Mama yako