Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mfuko wa Matibabu na Suala la Puto

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati, wazee wetu walezi na wageni waalikwa,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru nyote mliofika.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha wagonjwa wa valvu, yaani milango ya moyo, mnazijua, sitawachosha. Wagonjwa tuliwatembelea wodini, elimu ya mafindofindo, maambukizi ya koo yanayoweza kuleta homa ya rumatiki na kuharibu moyo, tuliipeleka katika shule za msingi, wenzetu waliotangulia mbele ya haki tuliwazika kwa heshima na rambirambi zilifika kwa wakati. Hesabu kwa ujumla: wanachama walioandikishwa 84, waliokamilisha ada 29, makusanyo shilingi 3,870,000, matumizi 3,415,000, salio 455,000. Mwenye swali amwone mweka hazina, vitabu viko wazi.

Nakuja kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo. Kamati chini ya uongozi wangu iliidhinisha shilingi 1,500,000 kuchangia matibabu ya puto, yaani kutanua valvu iliyobana bila kupasua kifua, ya dada yetu mmoja wa Mbagala, aliyekuwa na malimbikizo ya ada ya miezi saba. Mwezi huohuo ombi la mzee wetu, mwanachama mwanzilishi asiyewahi kukosa ada, halikupita. Yamesemwa mengi, kwenye kundi la WhatsApp na hata misibani. Nilinyamaza kwa sababu siri ya mgonjwa si ya kutangazwa. Sasa wote wawili wameniruhusu nieleze, bila kutaja majina.

Dada yetu alikuwa na mimba ya miezi sita. Homa ya rumatiki ya utotoni ilimwachia valvu ya maitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ikiwa imebana. Kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wa valvu ile ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka hadi 1.5 au chini ya hapo, madaktari huhesabu kuwa hali ni mbaya. Wa kwake haukufika 1. Mimba nayo huongeza damu mwilini na moyo hupiga mbio, kwa hiyo damu inakosa muda wa kupita kwenye tundu lililobana, inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji. Alikuwa analala ameketi. Ndugu zangu, hapo mlitaka nimuulize risiti ya ada?

Wapo waliosema, basi angepasuliwa kama sisi tulivyopasuliwa. Kufungua kifua kwa mama mjamzito na kuuweka moyo kwenye mashine ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Puto lina njia nyingine. Katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa paja, ikapanda hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo, ikatobolewa njia ndogo kwenye ukuta kuingia upande wa kushoto, kisha ikashuka hadi kwenye valvu. Hapo puto hujazwa kimiminika: kwanza nusu ya mbele, likavutwa hadi likae sawasawa kwenye valvu, kisha nusu ya nyuma, na mwisho kiuno chake hutanuka kwa sekunde chache tu. Kingo za valvu zilizoshikana kama kitambaa kilichoshonwa pembeni huachana, na mara nyingi uwazi huongezeka karibu maradufu. Tumbo la mama hukingwa dhidi ya mionzi. Daktari Kanji Inoue wa Japani ndiye aliyeanza kazi hii mwaka 1982. Wakongwe humu wanakumbuka tulivyokuwa tukisubiri rufaa ya India. Leo inafanyika hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Sasa mzee wetu. Wanaosema tulimtupa hawakuisoma eko yake, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kabla ya puto, madaktari hutazama mambo manne: valvu inachezaje, imenenepa kiasi gani, ina chokaa kiasi gani, na nyuzi zinazoishikilia chini zimeharibika kiasi gani. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 8 au chini, puto lina matumaini mazuri. Ya mzee ilikuwa juu ya hapo, valvu imejaa chokaa na inavuja. Zaidi ya hayo, kipimo cha eko cha kumeza mrija kilionyesha damu iliyoganda kwenye chumba cha juu cha kushoto. Katheta ikiligusa bonge lile, linaweza kukimbilia kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Madaktari ndio waliokataa puto. Kamati haikukataa mtu. Anachohitaji ni valvu mpya kwa upasuaji wa kifua, na mfuko wetu wote usingetosha hata robo.

Kuna ujumbe ulisambazwa kutoka kwa ndugu wa mwanachama aliyeko Uingereza, kwamba huko wazee wenye chokaa hutibiwa kwa puto. Nililifuatilia mwenyewe kwa madaktari. Hiyo ni valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, si maitrali. Daktari Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alianza kuitanua kwa puto mwaka 1985, lakini kwa wazee ilikuwa ikibana tena baada ya miezi. Ndiyo maana mwaka 2002 akaweka valvu mpya kwa kupitia katheta. Tusichanganye mambo tukagombana bure.

Dada yetu alijifungua salama, mama na mtoto wazima. Uamuzi ule niliusimamia usiku kwa simu, nikimpigia mjumbe mmoja mmoja, na kifungu cha dharura cha katiba kinaniruhusu. Sina undugu naye.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Vikao viwili vimevunjika kwa kukosa akidi. Wanaoongoza kwa kutoonekana ni waliokwisha kuzibuliwa. Mtu akipanda ngazi bila kuhema anajiona amepona, anaacha kikao na, kibaya zaidi, anaacha sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne. Puto halifuti ugonjwa. Rumatiki ikirudi inaharibu upya, na valvu iliyotanuliwa inaweza kubana tena baada ya miaka. Na wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, msiruke kipimo cha damu. Nimesema haya kila mwaka. Malimbikizo ya ada nayo yamepita milioni mbili. Wanaolalamika zaidi kuhusu ile milioni moja na nusu, wengi wao wamo kwenye orodha hiyo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kutafuta wafadhili, kuendelea na harambee ya mzee wetu, ambayo mimi na mke wangu tumekwisha kuifungua, na kuangalia uwezekano wa kufungua matawi mikoani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti