Silikanti mara tatu kwa wiki moja

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliyeko Mwanza. Mama anakusalimu, anauliza lini utarudi kula samaki wa maji chumvi ukaachana na hao sato wako.

Nina kisa. Jumatatu asubuhi nilinunua vitumbua pale kona, muuzaji akanifungia kwenye karatasi iliyochanwa kitabu cha shule. Unanijua, mimi hata karatasi ya kitumbua naisoma. Mafuta yalikuwa yameshalowesha nusu ya ukurasa, maneno ya upande wa pili yanatokeza kinyumenyume, lakini katikati palisomeka: samaki aitwaye silikanti, aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria, alinaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Chini yake kulikuwa na habari za volkeno. Nikala, nikatupa.

Jumatano niko kibanda umiza. Mechi yenyewe ilikuwa bado, mwenye kibanda akatuwekea ya zamani, Komoro na Ghana, Januari 2022 kule Kameruni. Komoro wanapachika la tatu, jamaa nyuma yangu anaruka: "Silikanti hao!" Nikageuka kumuuliza kasema nini. Akanitazama kama mtu niliyeshuka leo kutoka kwenye lori la mkaa. "Si ndiyo jina la timu ya Komoro, kaka?"

Ijumaa natoka Pangani. Pale Kigombe akapanda mzee na ndoo yake, akakaa mbele yangu, akaanza kumsimulia kijana jinsi jarife lao lilivyowahi kuibuka na dubwana la buluu lenye madoa meupe, mapezi nene kama viganja. "Silikanti," akasema, "nyama yake mafuta matupu, ukiila tumbo linakuendesha." Swahiba, nywele zilinisimama. Nikaona huyu samaki ananitafuta mimi.

Nilipofika nyumbani nikaanza kupekua. Kumbe jambo hili lina jina. Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Arnold Zwicky, alilipa jina mwaka 2005. Mimi kwa Kiswahili naliita mazigazi ya kujirudia. Neno halijaongezeka mtaani, ila sikio limelishika, na sasa kila likipita unaliona. Yasiyojirudia hatuyahesabu. Mbona ile volkeno sijaulizana nayo tena? Tangu Jumatatu sijaisikia popote, wala sikushangaa.

Halafu fikiria, nasikia habari za silikanti Kigombe! Mwambao wetu huu una hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo tangu 2009. Mzee wa Kigombe angesimulia nini, twiga? Na Wakomoro nao, yule wa pili kujulikana na wataalamu alivuliwa kwao, 1952, baada ya kusakwa miaka 14. Wana haki ya kujiita hivyo. Cha ajabu hapo ni mimi, mtoto wa Tanga, kufika umri huu bila neno hilo kichwani.

Au ndivyo nilivyodhani. Usiku ule nikaliandika neno hilo kwenye simu, nitafute kama lipo katika meseji zangu za zamani. Likatoka moja, yako, ya usiku wa mechi ile ya Ghana. Mkeka wako ulikuwa umechanika. Umeandika: "Silikanti wamenimaliza." Chini yake mimi nimekujibu, bila kuuliza chochote: "Hahaha, pole mwanangu."

Sasa niambie kweli, wewe ulijua kwamba ni samaki?

Ni mimi,
msomaji wa karatasi za vitumbua