Harambee ya ukumbi wa maigizo kwa watoto wetu wenye kigugumizi, Ilemela

Wazazi, walezi, majirani, na ninyi wote mliosoma shule yetu mkatawanyika Geita, Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kamati ya wazazi ya shule yetu ya msingi, hapa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, inawaomba mtuchangie shilingi 6,500,000. Tunataka stoo ya zamani iliyo nyuma ya madarasa iwe ukumbi mdogo wa maigizo, mashairi na ngonjera, na watakaoanza kuutumia wawe watoto wenye kigugumizi. Najua wapo watakaouliza: madawati hayatoshi, jukwaa la nini? Swali hilo liliulizwa pia kikaoni, tena na wazee tunaowaheshimu. Tuliwajibu kwa habari ya maisha ya mtu mmoja, na naomba mnivumilie niisimulie hapa.

Watoto wenu wanaijua sauti ya simba Mufasa katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994. Ni sauti nzito, iliyotulia, ya mtu asiyebabaishwa na lolote. Mwenye sauti hiyo ni James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani, ambaye ndiye pia aliyetoa sauti ya Darth Vader, yule adui mkuu katika filamu za Star Wars. Mtu huyu, akiwa mtoto, alikaa miaka kama minane shuleni karibu bila kusema neno.

Alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Mississippi akalelewa na babu na bibi yake. Alipokuwa na umri wa miaka kama mitano, familia ilihamia shambani Michigan, mbali sana kaskazini. Kigugumizi kikamshika. Alipofungua kinywa watoto walimcheka, naye akaamua kunyamaza. Nyumbani alisema machache; waliosikia maneno yake zaidi ni mifugo ya shambani. Shuleni alijibu kwa kuandika.

Alipofika sekondari, mwalimu wake Donald Crouch aligundua kwamba yule kijana mkimya anaandika mashairi. Siku moja kijana alileta shairi la kusifia balungi, tunda tu. Mwalimu akamwambia shairi hili ni zuri mno, na kama kweli ni lako, simama ulighani mbele ya wenzako bila kusoma. Kijana akasimama. Akalighani lote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama.

Mimi huguswa zaidi na kilichofuata. Mwalimu yule hakuishia kupiga makofi na kuendelea na somo lake. Alimpa mashairi mengine aghani, akamwingiza kwenye midahalo na hotuba, akamzoesha kusimama mbele ya watu. Jones alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan akiwa na nia ya kusomea udaktari, akaishia kwenye uigizaji. Alipata tuzo ya Tony, ya maigizo ya jukwaani Marekani, mwaka 1969 na tena mwaka 1987, akapewa tuzo ya filamu ya Oscar ya heshima mwaka 2011, na mwaka 2022 ukumbi mmoja wa maigizo wa Broadway, New York, ukaitwa kwa jina lake. Alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Na hadi uzeeni alisema wazi kwamba kigugumizi hakikumwacha. Alijifunza kuishi nacho na kuchagua maneno yake. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu hatumwahidi mzazi yeyote kwamba mwanawe atapona. Tunamwahidi kwamba mwanawe atapewa nafasi ya kusikika.

Kigugumizi huanza mara nyingi mtoto akiwa na miaka kati ya miwili na mitano. Watoto wengi huachana nacho wenyewe, lakini takriban mtu mmoja katika kila 100 duniani hubaki nacho, wavulana wengi kuliko wasichana. Hurithiwa katika ukoo, na kinahusiana na namna ubongo unavyoratibu usemi. Mtoto hakupata kigugumizi kwa sababu alitekenywa utotoni, wala kwa sababu ya uoga, wala mama yake hakukosea malezi. Akili yake ni nzima kama ya mwenzake. Na ukimkatiza kwa kumwambia "tulia, sema polepole", au ukimmalizia neno lake, unamzidishia mzigo.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu yuleyule anayekwama kwenye mazungumzo mara nyingi hakwami akiimba, akisema pamoja na wengine, au akitamka maneno aliyokwisha kuyashika kichwani. Sisi tunaliona kila siku. Tunaye kijana wa darasa la sita anayeongoza nyimbo kwenye kikundi cha ngoma, na sauti yake inafika hadi kwa wavuvi. Asubuhi darasa linapoamkia "Shikamoo mwalimu", naye anaamkia vizuri na wenzake. Lakini akiulizwa jina lake yeye peke yake, midomo inatetemeka, macho yanafumba, na wenzake wanaanza kucheka kabla herufi ya kwanza haijatoka.

Watoto wa namna hii wanapotea kimyakimya. Mdogo wa darasa la pili akipimwa kusoma kwa sauti, anaandikwa kuwa hajui kusoma, ilhali maneno yote anayajua. Mkubwa anaacha kunyoosha mkono. Kwa kuwa hasumbui, darasani anasifiwa kwa utulivu. Wengine wanaishi na bibi zao, wazazi wakiwa visiwani kwenye dagaa, na bibi anadhani mjukuu ana huzuni tu. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini, na mwenye uwezo wa kuwafuata ni mmoja mmoja. Mwalimu na shairi tunavyo hapahapa.

Sasa fedha zenyewe. Ukarabati wa stoo, yaani bati, sakafu ya saruji, madirisha na taa, ni shilingi 3,800,000. Nauli, malazi na posho ya mtaalamu wa tiba ya usemi atakayekaa nasi wakati wa likizo, awafundishe walimu na wazazi namna ya kumsikiliza mtoto na namna ya kumpa mazoezi, ni 1,900,000. Vitabu vya mashairi na michezo ya kuigiza, ngoma na mavazi ni 800,000. Mafundi wa mitumbwi wamekwisha kutoa mbao za jukwaa na wameahidi kulijenga wenyewe bila malipo. Kina mama wa dagaa wameanza kuchangishana kila wiki. Mungu awabariki sana.

Harambee itafanyika uwanjani kwetu Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 22 Oktoba, tarehe ambayo dunia huadhimisha uelewa kuhusu kigugumizi. Tutaanza saa nne asubuhi. Watoto wataghani na kuigiza. Tafadhali, mtoto akikwama msimsaidie neno wala msipige makofi ya kumwokoa. Msubirini amalize.

Asiye na fedha alete mfuko wa saruji, bati, kitabu, au siku moja ya kazi. Fundi rangi na fundi umeme tunawahitaji sana. Walio mbali, namba ya malipo mtaipata kwa mhasibu wa kamati au kwa mwalimu mkuu, nayo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Msitume fedha kwa namba itakayowafikia kwa njia nyingine yoyote. Kila mchango utaandikwa daftarini, na hesabu yote itasomwa kwenye mkutano wa wazazi wa kufunga mwaka.