Krismasi njema kwa walio kambini, na kwa waliokula yao Novemba

Habari zenu wapendwa, natumai mko salama popote hii salamu itawapata. Mimi niko Kayole hapa Nairobi saa hii, nimepitia tu kufua nguo, kulipa nyumba na kununua soksi nzito, kesho alfajiri naingia gari ya Narok na kutoka hapo ni kambini kupikia watalii mpaka mwaka mpya uishe kuzoeleka. Kwa hivyo naandika mapema kabla netiweki ianze kuwa kitu cha kutafutwa juu ya kichuguu.

Krismasi njema kwenu nyote mnaofanya kazi za msimu. Wapishi wenzangu wa kambi, madereva wa kutembeza watalii, vijana wa kutandika vitanda na wale wa kubeba maji ya moto ya kuoga mgeni jioni, askari wa usiku wanaotusindikiza na tochi tukitoka jikoni juu tembo hajui hii ni njia ya wafanyakazi. Maporta, wabeba mizigo wa Mlima Kenya, nyinyi nawaheshimu sana. Na wale wanaochuma kahawa huko Kiambu na Murang'a, najua Desemba bado mko na debe mkononi, salamu zenu pia ziko hapa.

Kwa wale hawajui hii kazi venye inaenda, sisi kalenda yetu inapangwa na nyumbu na mvua. Kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba nyumbu wametoka Serengeti wamevuka wako upande wetu wa Masai Mara, kambi zinajaa, mgeni anataka kutoka na gari saa kumi na mbili asubuhi, hiyo inamaanisha mpishi ameamka saa kumi kuweka kahawa na biskuti. Agosti shule zinafungwa, watoto wako nyumbani na wewe hauko. Krismasi wageni wanajaa tena. Januari na Februari kunakauka, hapo ndio wengi tunahamia mlimani kupika kwa wanaopanda Mlima Kenya, njia ya Sirimon ama Naro Moru ama Chogoria, na kule juu mgeni anaamshwa saa nane saa tisa usiku ndio jua limpate kilele cha Point Lenana, mita 4,985, na chai lazima iwe imechemka kabla aamke, na maji kule juu yanachukua muda wake kuchemka. Halafu Aprili na Mei ni masika, barabara za udongo mweusi zinameza magari, kambi zingine zinafungwa zirekebishwe, ndio sasa unaambiwa nenda nyumbani upumzike. Unapumzika na mfuko uliolegea.

Sasa hapo katikati kuko na dirisha moja dogo, Novemba. Nyumbu wamerudi zao, wageni wa Krismasi bado, na watoto wamefunga shule ile likizo ndefu ya mpaka Januari. Nyumbani kwetu Makueni hiyo ndio Krismasi yetu, na nataka niseme hivi bila kuzunguka, hiyo ni Krismasi kamili. Mama anachinja, chapati zinapikwa, watoto wanavaa nguo mpya na wanazunguka nazo kijijini wakiulizwa na wenzao mbona nyinyi mmevaa mapema. Mwanzoni majirani walikuwa wanaona ni mambo ya ajabu, mtu anapika pilau siku ya kawaida na mvua inanyesha na watu wako shambani wanapalilia. Siku hizi wanakuja tu, wanaacha jembe kwa mlango wanakaribia. Maembe bado ni mabichi hiyo Novemba na hilo ndilo mama yangu hulalamikia, kwamba naondoka kabla yaive, kila mwaka ananiambia yakiiva atanitumia na basi na kweli anatuma, yanafika Nairobi mimi niko Mara, yanaliwa na jirani yangu wa hapa plotini ambaye pia namsalimia kwa heshima zote.

Najua wengi wenu mnafanya hivi hivi kimya kimya. Kuna dereva mmoja tulifanya kazi naye, familia yake hufanya mwaka mpya Februari akishuka mlimani. Kuna dada wa housekipingi ambaye birthdei za watoto wake wote watatu zinafanywa siku moja ya Mei. Na wote wawili walinieleza kwa sauti ya kujitetea, kama mtu anayeomba msamaha, na hiyo iliniuma. Hakuna cha kuombea msamaha hapo. Mtoto aliyekatiwa keki Mei amekatiwa keki na mamake akiwa amekaa hapo.

Lakini pia tusidanganyane, zile siku chache si rahisi. Unafika umechoka, mwili bado uko kambini, saa kumi alfajiri macho yako wazi na hakuna mgeni wa kupikiwa. Mama amenipata jikoni mara nyingi nimewasha moto giza totoro, haniulizi kitu, anakaa tu tunakunywa chai mpaka kupambazuke, na nikisema ukweli hizo chai ndio kitu nachokosa zaidi nikiwa mbali kuliko hata hiyo nyama. Mtoto mdogo siku ya kwanza anakuangalia kutoka nyuma ya susu wake, yaani nyanyake, siku ya pili anakuja karibu, ya tatu hataki uende chooni peke yako, na wewe tayari umeanza kuhesabu za kurudi. Halafu kuko na ile orodha, paa linavuja, mbuzi anaumwa, kuna harambee ya mtu, kuna shemeji anataka kuongea na wewe kando kidogo juu watu wanaamini mtu wa watalii analipwa dola. Siku zinaisha ukikimbia sokoni mjini Wote na kurudi.

Ile mwaka ya 2020 ndio ilinifunza hii kitu vizuri. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa hapa kwetu tarehe 13 Machi, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tarehe 25, na mwanzoni mwa Aprili Nairobi ikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nikajipata Makueni bila kazi, na ndege hazikurudi mpaka Agosti. Pesa ilikuwa ngumu, hiyo siwezi kuipamba, watu wa hii kazi waliuza pikipiki, waliuza vitanda, wengine walirudisha nyumba za Nairobi na hawakuwahi kurudi tena kwa hii kazi, na hao pia leo nawakumbuka. Nilikuwa nakaanga mandazi naweka kando ya barabara. Lakini hiyo ndio mara ya kwanza nilikaa nyumbani hadi ile furaha ya mgeni ikaisha, watoto wakanizoea wakaanza kunijibu vibaya, wakaacha kunionyesha tu daftari zile ziko na alama nzuri. Nikajua kifunguamimba wangu anaogopa radi. Alikuwa amefika darasa la nne na mimi sikuwa najua, juu kila nikija anajikaza, siku chache mtu anaweza kujikaza. Nikajua mama yangu usiku goti linamsumbua, kumbe kila Novemba alikuwa anatembea vizuri makusudi ndio niende kazini bila wasiwasi.

Kwa hivyo tangu hapo nikienda nyumbani hata kama ni kwa muda mdogo naiacha ile orodha kwanza. Paa litashughulikiwa na fundi, nitamtumia pesa kwa simu nikiwa kambini. Mimi naenda na mama kuteka maji, polepole, ndio nione goti. Wewe uliyepata ofu, siku za kupumzika kazini, hii Krismasi ukafika, tafadhali kaa chini. Na nyinyi mlio nyumbani mnaompokea, mpeni siku mbili za kulala na msimwonyeshe upande mzuri pekee, mwambieni na yale mabaya akiwa hapo, si mumngoje arudi kazini ndio mumpigie.

Wakubwa wetu wenye kambi na kampuni, nao nawatakia sikukuu njema na niko na ombi moja kutoka moyoni. Ratiba ya ofu itolewe mapema. Desemba nauli za kutoka hapa Nairobi, stendi ya Machakos Country Bus, zinapanda kila siku inayosonga karibu na tarehe 25, mtu akiambiwa leo kwamba kesho uko ofu anaenda kulipa nauli mara mbili ama akose gari kabisa alale stendi na zawadi za watoto. Mtu akijua mwezi mmoja kabla anapanga, familia inapanga, hata kuku anapangwa. Haigharimu kampuni kitu.

Na tuombeane barabarani. Ile barabara ya Mai Mahiu tunaipita wengi wetu tukienda na kurudi, na kila nikipita nakumbuka Aprili 2024, maji yalivyoshuka usiku na kubeba nyumba na watu wake, makumi wakafariki. Siku mbili baadaye mto Talek ukavunja kingo ukaingia kambi nyingi za Mara. Tuliokuwa nyumbani wakati huo tulishinda kwa simu tukitafuta wenzetu waliobaki kulinda mahema. Madereva, msiharakishwe na mtu hii Krismasi, mgeni akichelewa chakula tutakipasha moto, hiyo ni kazi yetu sisi wa jikoni.

Wale mtakuwa mlimani usiku wa tarehe 24, vaeni mbili mbili na mpige wimbo mmoja kwa niaba yetu. Wale mtakuwa Mara, tutapika pamoja, nimebeba iliki na mdalasini wa kutosha kwa chakula cha stafu, juu stafu pia ni watu wa kula pilau. Tukutane Nanyuki Januari, Mungu akipenda.

Mama, najua utasomewa hii na hao watoto. Pesa ya sare nimetuma, angalia simu, na ile ya mguu nimeitenga kando, usiipeleke kwa mbolea. Krismasi njema nyote na mwaka mpya wa heri.