Kabla hamjaomba mkuu wa zahanati ahamishwe

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleykum. Huku Kisauni hatujambo, joto tu ndilo linalotumaliza. Yaani umeingia kamati ya zahanati na mimi habari naipata kwa Bi Rukia! Haya, hongera, na pole juu yake.

Nasikia kaunti yaleta timu ya kuinyoosha hiyo zahanati yenu, na wenzako washakata shauri muombe mkuu wake ahamishwe. Ngojeni kwanza. Tangu afya iende kaunti mwaka 2013, dawa zikikosekana watu hukimbilia uhamisho, na rafu hubaki vilevile.

Mwambie Salim afungue stoo. Chukua kadi ya stoo, ile inayoandikwa kilichoingia, kilichotoka na baki, ya dawa moja inayoisha upesi, tuseme vidonge vya amoksilini. Usitazame baki ya leo peke yake, hesabu siku ambazo baki ilikuwa sufuri. Wengi wanaojaza fomu ya kuagiza huchukua kilichotoka miezi mitatu wakagawanya kwa tatu. Vikiwa vimetoka vidonge 1,800, wataandika 600 kwa mwezi. Lakini kama stoo ilikaa tupu siku 30 kati ya hizo 90, vile 1,800 viliisha kwa siku 60. Gawanya kwa 60, zidisha kwa 30, mahitaji ya kweli ni 900 kwa mwezi. Ukiagiza kwa hesabu ya 600, robo ijayo mtakaa mwezi mzima bila dawa tena, na fomu itatoa 600 ileile. Ni sawa na mwenye njaa kuandikiwa cheti kwamba ameshiba! Mkuu mpya akija na hesabu hiyohiyo, atafanya nini?

Kisha hesabuni vidonge kwa mkono. Kadi ikisema 400 na rafuni mna 250, hapo kuna mtu haandiki au kuna mtu anabeba, na maneno ya uhamisho yatakuwa na miguu. Angalieni pia tarehe za kuisha: boksi jipya likiwekwa mbele, la zamani huozea nyuma.

Kuna mengine hamyawezi nyinyi. Kaunti ikiwa na deni Kemsa, shirika la serikali linaloziuzia kaunti dawa, agizo laweza kukaa hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Hilo mwulizeni mkubwa wa timu mbele ya watu.

Pesa nayo... Sheria ya mwaka 2023 yairuhusu zahanati kubaki na inachokusanya, haiendi tena hazina ya kaunti. Kwa hivyo ombeni taarifa ya benki, si maelezo ya mdomo. Na wagonjwa wasajiliwe SHA, ile bima ya afya ya serikali, pale mlangoni, ni *147# tu, kwa sababu asiyesajiliwa mtamtibu na hamtakuwa na cha kudai.

Friji ya chanjo sitaisema sana: nyuzi 2 hadi 8, iandikwe asubuhi na jioni, Jumapili pia. Ukiona karatasi ina 5, 5, 5 mwezi mzima na stima za Likoni tunazijua, basi imejazwa siku moja kwa kalamu moja.

Narudi kwenye zile siku za sufuri, maana ndizo zitakazokusaidia mkutanoni. Ziandike kwa dawa kumi tu, na timu isiondoke kwa kusaini kitabu cha wageni na kunywa chai. Waandike nani atafanya nini, na tarehe.

Sasa nijibu. Agizo la mwisho lilipelekwa lini? Lilikuja kamili au nusu? Kadi zipo, au Salim bado ana lile daftari lake la kurasa zilizochanika? Akaunti yenu inasainiwa na nani? Mwenyekiti angali anafungua mkutano kwa hotuba ya saa nzima? Na Kombo yumo kwenye kamati au ni uvumi? Timu ikija kabla hujanijibu, nipigie usiku baada ya isha.

Shogayo,
Zuhura