Flashi yako na mji wa Pripyat

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mama anauliza kanga zake utazileta lini.

Ile filamu ya Chernobyl uliyonitilia kwenye flashi nimeitazama. Ulinionya nisitazame peke yangu usiku, nikajitia ushujaa. Yule dubu alipochomoka ndani ya ghorofa na kuwapita mbio ukumbini, sahani ya ubuyu ilinitoka mikononi. Mpaka leo naokota kokwa chini ya kochi.

Mwanzo ni mzuri, sikatai. Watalii sita wanataka kuuona Pripyat, mji uliohamwa jirani na kituo cha nyuklia cha Chernobyl kule Ukraine, wanajeshi wamewakatalia getini, na yule kiongozi wao Uri anawapenyeza kwa njia ya nyuma. Magorofa matupu, kimya. Jioni wanarudi kwenye gari, nyaya zimetafunwa. Hapo nilijifunika shuka hadi puani, na joto lote hili.

Halafu wakaharibu. Mionzi huioni, huinusi, inakuingia nawe unacheka. Sasa hofu gani inazidi hiyo? Wao wakaona jini asiyeonekana hatishi, wakamtia meno. Eti waliopigwa na mionzi ndio wanaowinda watu gizani! Ilipotoka mwaka 2012, wanaosaidia waathirika waliilalamikia, na mimi niko upande wao. Watu wamepoteza kwao, bado mnawageuza mazimwi? Tena hata hapo Pripyat hawakupigia picha, walipigia Serbia na Hungaria.

Usingizi ukaniruka, nikaanza kusoma habari za mji wenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl kililipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986. Kulipokucha, watoto wakacheza nje kama kawaida, na harusi ikafungwa siku hiyohiyo. Harusi, Mwanaidi! Nikawaza bibi harusi na shela lake, na moshi kule ng'ambo. Jumapili mchana ndipo mabasi yakaja, zaidi ya elfu moja, kuhamisha watu kama 49,000. Waliambiwa wachukue vitambulisho, vitu vya lazima na chakula kidogo. Siku tatu tu, mtarudi.

Lile gurudumu kubwa lenye vibanda vya njano, unalolijua kwa picha, lilikuwa lizinduliwe sikukuu ya Mei Mosi. Zilibaki siku nne.

Basi nikasimama jikoni saa nane za usiku nikitazama vyangu. Kwa siku tatu ningebeba nini? Mbuzi ya nazi ya bibi ningeiacha, maana siku tatu si nyingi. Na picha za marehemu baba ningeziacha ukutani.

Flashi nitampa kijana wa bodaboda Ijumaa. Nitilie vichekesho safari hii, na kanga usisahau.

Wako,
Rukia