Wito wa Harambee: Mwalimu wa Darasa la Kwanza Asikose Mionzi

Assalaam aleykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu wazazi, wahitimu na majirani wa shule yetu hapa Tanga, tunaandika kwa haya, kwa kuwa haujapita mwaka tangu mlipotuchangia mabati baada ya masika kuwalowesha watoto wa darasa la kwanza wakiwa wameketi madawatini. Hatukutarajia kuwabishia hodi tena mapema hivi. Safari hii anayehitaji ni mwalimu wa darasa lilelile.

Jicho lake la kushoto lilianza kusukumwa chini kuelekea puani, akawa anainamisha kichwa kila anapoandika ubaoni ili asione herufi mbilimbili, na usiku maumivu ya kipaji cha uso yakimwamsha. Kituo alichokwenda mwanzo kilimpa dawa ya matone kwa miezi mitano, naye akaendelea kufundisha. Picha ya CT iliyopigwa baadaye ilionyesha uvimbe kwenye tezi ya machozi, ile iliyo juu ya jicho upande wa nje, na kinyama kilichopimwa kikathibitisha saratani iitwayo adenoidi sistiki.

Uvimbe wa tezi hiyo ni nadra mno, na si kila uvimbe ni saratani: uko uitwao pliomofiki adenoma, ambao ukitolewa mzima pamoja na ganda lake, kwa kawaida mgonjwa hupona. Huu wa mwalimu hutambaa kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu unauma, na ndiyo sababu hakuna daktari awezaye kuapa kwamba kisu kimemaliza kila chembe. Jicho limeondolewa pamoja na nyama zote za tundu lake. Alikubali baada ya kulia siku mbili, kisha akauliza iwapo ataruhusiwa kurudi darasani.

Hatutawaficha jambo. Katika taarifa za kitabibu za miaka iliyopita, chini ya nusu ya wagonjwa wa saratani hii walikuwa hai baada ya miaka 5, na takriban mmoja kati ya watano baada ya miaka 10, kwa kuwa hurudi kimyakimya, mara nyingi mapafuni, mtu akiwa amekwisha kujiona mzima. Mionzi baada ya upasuaji hupunguza uwezekano wa kurudi palepale ilipoanzia, lakini haifai kucheleweshwa.

Wapo waliouliza kwa nini asipelekwe nje. Njia waliyoisikia, ya daktari David Tse wa Miami, Marekani, hupitisha dawa za saratani kwenye ateri, yaani mshipa upelekao damu, kuelekea tezi kabla ya upasuaji, na matokeo yake mazuri yameonekana kwa wagonjwa ambao ateri ya tezi bado haijaguswa. Kwa mwalimu wakati huo umepita. Kilichobaki ni mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, siku 5 kwa wiki, wiki 6 mfululizo, na baada ya hapo kupimwa mara kwa mara kwa miaka mingi.

Kwa chumba, chakula, nauli na vipimo vya mwanzo tunahitaji shilingi 3,600,000. Walimu wenzake wamekwisha kutoa 1,150,000 kutoka mishahara ambayo sote tunaijua. Wengi wenu alikushikeni mkono mkiandika irabu ya kwanza. Wapo wenye maduka Ngamiani na wenye mabasi ya njia ya Dar ambao majina yao hayajaonekana daftarini, nasi tunaamini ni kwa kutopata habari tu. Mwenye elfu mbili asione haya.

Mweka hazina wa kamati ya shule atatoa risiti kwa kila mchango, na hesabu itabandikwa ubaoni kila Ijumaa.

Mwalimu anatakiwa kuripoti Jumatatu ijayo. Tiketi mbili za basi la Jumamosi zimekwisha kukatwa, yake na ya mdogo wake atakayemuuguza. Chumba watakachofikia bado hakijalipiwa.